Kilimanjaro mara mbili: maswali yenu kuhusu 58,955,895

Mwalimu mmoja wa Moshi aliwaambia wanafunzi wake waandike urefu wa Kilimanjaro, mita 5895, mara mbili mfululizo bila kuacha nafasi, kisha waichambue namba itakayopatikana, yaani waiandike kama zao la namba tasa. Ikatoka 58,955,895. Barua yake imevuta nyingine kutoka Moshi na Arusha, karibu zote zikizunguka namba hiyohiyo. Tumeziweka pamoja.

Wamekwama kwenye 1,310,131

*Ndugu wahariri, wanafunzi wangu waliigawanya 58,955,895 kwa 5, kisha kwa 3, kisha kwa 3 tena, wakabaki na 1,310,131. Wakajaribu kila namba tasa kuanzia 7 hadi 71, hakuna iliyokubali, wakaniambia kazi imeisha na hiyo iliyobaki ni namba tasa. Je, wako sahihi? Na kama hawako sahihi, hakuna njia fupi kuliko kugawanya mpaka usiku? — Mwalimu, Majengo, Moshi*

Hawako sahihi, mwalimu, ila wameishia mlangoni kabisa. Namba tasa inayofuata baada ya 71 ni 73, na 73 inaigawanya: 1,310,131 ÷ 73 = 17,947, bila baki.

Kosa lao ni la kutojua pa kusimama. Ukitaka kutamka kwamba namba fulani ni tasa, sharti ujaribu namba tasa zote mpaka kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 1,310,131 ni 1144 na kitu, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 189. Wao walikuwa wamejaribu 20 za mwanzo tu, tukihesabu 2, 3 na 5. Sababu ya kusimama kwenye kipeuo ni kwamba vigawo huja jozi jozi: kimoja kikizidi 1144, mwenzake lazima awe chini yake, kwa hiyo ungekuwa umeshakutana naye.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni kwamba kikomo hicho hushuka kila unapopata kigawo. Ukishapata 17,947, achana na 1144. Kipeuo cha pili cha 17,947 hakifiki 134. Endelea kuanzia 73 yenyewe (huenda ikaingia mara ya pili), kisha 79, 83, 89, 97, 101, 103, 107, 109, 113, 127, na mwisho 131. Hiyo 131 ndiyo namba tasa ya mwisho kabla ya kikomo, na ndiyo inayokubali: 17,947 = 131 × 137. Mwanafunzi akikata tamaa kwenye 127 atakuwa amepotea kwa hatua moja, kama alivyopotea pale kwenye 71.

Sasa njia fupi, ambayo kwa maoni yetu ndiyo ilistahili kutangulia ubaoni. Namba yoyote ya tarakimu nne ikiandikwa mara mbili ni sawa na namba hiyo kuzidisha 10,001. Nakala ya kushoto imesogezwa nafasi nne, yaani imezidishwa kwa 10,000. Nakala ya kulia imebaki pale pale. Kwa hiyo:

58,955,895 = 5895 × 10,001

Badala ya kupambana na namba moja ya tarakimu nane, una namba mbili ndogo. 5895 inaisha kwa 5, basi ni 5 × 1179. Jumla ya tarakimu za 1179 ni 18, basi ni 9 × 131. Na 131 ni tasa kwa sababu haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7 wala 11. Hata ile 1,310,131 iliyowakwamisha ingejifichua kama wangeigawa mafungu ya tarakimu nne kutoka kulia: 131|0131. Ni 131 imeandikwa mara mbili, ya pili ikiwa na sifuri mbele yake.

Imebaki 10,001. Hii ni ndogo kuliko mraba wa 101, kwa hiyo kigawo chake kidogo kabisa, kama kipo, hakizidi 97. Na si lazima kuzijaribu namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100. Namba tasa *p* ikiigawanya 10,001, maana yake 10⁴ ikigawanywa kwa *p* inabaki −1 (yaani *p* − 1), na 10⁸ inabaki 1. Mzunguko wa mabaki ya vipeo vya 10 una urefu wa 8 kamili, na kanuni ya mwanahisabati Fermat (aliyoiandika kwenye barua mwaka 1640) inatuambia kwamba urefu huo lazima uigawanye *p* − 1. Basi tunatafuta namba tasa ambazo ukizigawanya kwa 8 hubaki 1. Chini ya 100 ziko tano tu: 17, 41, 73, 89 na 97. Ya 17 inaacha baki 5, ya 41 inaacha 38, ya 73 inaingia: 73 × 137 = 10,001.

Uchambuzi kamili ni huu:

58,955,895 = 3² × 5 × 73 × 131 × 137

Tahadhari moja. Wanafunzi wengi wanajua kwamba namba ya tarakimu tatu ikirudiwa, kama 589,589, inagawanyika kwa 7, 11 na 13. Ni kweli, kwa sababu 1001 = 7 × 11 × 13. Lakini kanuni hiyo haihamii kwenye tarakimu nne. Tarakimu mbili zikirudiwa unapata 101, ambayo yenyewe ni tasa; tano, unapata 100,001 = 11 × 9091; sita, unapata 1,000,001 = 101 × 9901. Kila urefu una vigawo vyake.

Vigawo 31 kisha akachoka

*Kijana wangu ameorodhesha vigawo vyote vya namba hiyo, amefika 31 na kusema vimekwisha. Mimi siwezi kumhakiki. Viko vingapi hasa? — Mzazi, Pasua, Moshi*

Viko 48, mama. Na hata kabla ya kuhesabu ungejua 31 haiwezekani. Vigawo huja jozi jozi, hivyo idadi yake huwa shufwa. Huwa witiri pale tu namba yenyewe inapokuwa mraba kamili, na hii si mraba kamili.

Kila kigawo hujengwa kwa kuchagua utachukua 3 ngapi, 5 ngapi, na kuendelea. Kwa 3 kuna chaguo tatu: hakuna, moja, au mbili. Kwa 5, 73, 131 na 137 kuna chaguo mbili kila moja: unaichukua au unaiacha. 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48. Anayesahau kwamba 3 ina kipeo cha 2 hupata 32, na tunahisi kijana alikuwa akielekea huko huko.

Aziandike hivi ili asipoteze hata kimoja. Safu ya kwanza ni vigawo sita vya 45: 1, 3, 5, 9, 15, 45. Kisha azidishe safu hiyo yote kwa 73, apate 73, 219, 365, 657, 1095, 3285. Halafu kwa 131, kwa 137, kwa 9563 (73 × 131), kwa 10,001 (73 × 137), kwa 17,947 (131 × 137), na mwisho kwa 1,310,131 ambayo ni zote tatu pamoja. Safu nane za sita sita. Jozi inayokaribiana kuliko zote ni 6165 × 9563. Na mwangalie 365 kwenye safu ya pili: urefu wa Kilimanjaro ukiandikwa mara mbili hugawanyika kwa idadi ya siku za mwaka, jambo lisilo na maana yoyote ya kijiografia lakini darasani hupendwa.

Kama ana hamu ya kuendelea, jumla ya vigawo vyote 48 ni (1+3+9) × (1+5) × (1+73) × (1+131) × (1+137) = 105,142,752. Ukitoa namba yenyewe zinabaki 46,186,857, pungufu ya 58,955,895, kwa hiyo inahesabiwa katika kundi la namba pungufu. Kwenye tarakimu nane kuna namba moja tu ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vinajumlishwa na kurudisha namba ileile: 33,550,336.

Jumla ya tarakimu ni 54, mbona 27 inakataa?

*Shikamooni wahariri. Tulifundishwa kwamba jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 3, namba inagawanyika kwa 3. Ikigawanyika kwa 9, namba inagawanyika kwa 9. Jumla ya tarakimu za 58,955,895 ni 54, na 54 inagawanyika kwa 27. Lakini nikigawanya kwa 27 napata baki 18. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Usa River, Arusha*

Marahaba. Kugawanya umegawanya vizuri: 27 × 2,183,551 = 58,955,877, na baki ni 18 kweli. Umekosea pale ulipoibeba kanuni ya 9 ukaipeleka kwa 27. Hebu jiulize: 54 inagawanyika pia kwa 2, je, 58,955,895 ni shufwa?

Kanuni ya jumla ya tarakimu inafanya kazi kwa 3 na 9 kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, na 100, na 1000 vilevile. Kila tarakimu, hata ikae nafasi gani, inachangia baki lake lenyewe. Lakini 10 ikigawanywa kwa 27 inabaki 10, na 100 inabaki 19. Hapo jumla ya tarakimu haina la kusema.

Ila 27 nayo ina kanuni yake, kwa kuwa 999 = 27 × 37: 1000 ikigawanywa kwa 27 inabaki 1. Basi jumlisha mafungu ya tarakimu tatu, yale yale yanayotengwa na alama ya mkato: 58 + 955 + 895 = 1908. Gawanya 1908 kwa 27, baki ni 18. Ndiyo hiyo uliyoipata. Kwa jumla ileile unaipima 37 pia: baki 21, haigawanyiki.

Na mafungu hayohayo ukiyajumlisha na kutoa kwa zamu kuanzia kulia, unazipima 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja, kwa sababu ya ile 1001: 895 − 955 + 58 = −2. Baki ni −2 kwa zote tatu, yaani 5 kwa 7, 9 kwa 11, na 11 kwa 13. Hakuna hata moja inayoingia. Anza kulia kila mara. Ukianza kushoto kwenye namba yenye mafungu mawili au manne, alama hugeuka na baki unalopata siyo lenyewe, ingawa jibu la "inagawanyika au haigawanyiki" litabaki sahihi.

Miraba miwili, mitatu au minne?

*Nimestaafu na ninajifurahisha na hesabu. Nimejaribu kuandika 58,955,895 kama jumla ya miraba miwili ya namba nzima, nikashindwa, mitatu, nikashindwa. Ni mimi au ni namba? — Msomaji, Njiro, Arusha*

Ni namba, mzee wetu. Miwili haiwezekani, mitatu haiwezekani, minne inawezekana, na hayo mawili ya kwanza yanaonekana kwa kuigawanya kwa 8.

Chukua mraba wowote uugawanye kwa 8. Mraba wa namba witiri unabaki 1 kila mara (9, 25, 49, 81...). Mraba wa namba shufwa unabaki 0 au 4. Hakuna baki jingine. Sasa jumlisha matatu kati ya 0, 1 na 4 upendavyo: utapata 0, 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9 au 12. Ukizirudisha kwenye baki la 8, 7 haionekani popote. Na 58,955,895? Tazama tarakimu tatu za mwisho tu, kwa kuwa 1000 inagawanyika kwa 8 kamili: 895 = 8 × 111 + 7. Baki ni 7. Ungeweza kutafuta miraba mitatu mpaka theluji ya Kibo iishe.

Kwa miraba minne hapana shaka, kwani mwanahisabati Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba kila namba nzima inatosheka na minne. Lakini uthibitisho wake haukukabidhi hiyo minne mkononi. Inabidi uitafute, na kuitafuta moja kwa moja kwenye milioni 58 ni mateso. Tumia tena 5895 × 10,001.

Kwanza 5895. Mraba mkubwa unaoingia ni 76² = 5776, unabaki na 119. Usipoteze muda hapo: 119 nayo inabaki 7 kwa 8, kwa hiyo miraba mitatu haitatosha. Shuka hadi 75² = 5625, unabaki na 270. Hapo 16² inaacha 14, ambayo si jumla ya miraba miwili. 15² inaacha 45, ambayo ni 36 + 9. Basi 5895 = 75² + 15² + 6² + 3².

Pili, 10,001 = 100² + 1². Bila kujaribu chochote.

Tatu, kuziunganisha. Mhindi Brahmagupta alijua tangu karne ya 7 kwamba jumla ya miraba miwili ikizidishwa kwa jumla ya miraba miwili hutoa jumla ya miraba miwili: (a² + b²)(c² + d²) = (ac − bd)² + (ad + bc)². Gawa ile minne jozi mbili. Jozi ya 75 na 15 ikikutana na 100 na 1 inatoa 7500 − 15 = 7485 na 75 + 1500 = 1575. Jozi ya 6 na 3 inatoa 600 − 3 = 597 na 6 + 300 = 306. Kwa hiyo:

58,955,895 = 7485² + 1575² + 597² + 306²

Hakiki: 56,025,225 + 2,480,625 + 356,409 + 93,636. Inafunga. Si njia pekee. Ukianza na miraba mingine minne ya 5895 utapata nyingine.

Ukitaka jambo jepesi zaidi la kufanya jioni, tafuta *tofauti* ya miraba miwili badala ya jumla. Kila jozi ya vigawo inakupa moja: nusu ya jumla yao na nusu ya tofauti yao. Kutoka 10,001 na 5895 unapata 7948² − 2053². Jozi ziko 24, kwa hiyo majibu nayo ni 24.

Na Mlima Meru?

*Sisi wa Arusha tusisahauliwe. Nimeandika 4566 mara mbili, 45,664,566. KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya Meru na Kilimanjaro ni zipi? — Msomaji, Sakina, Arusha*

Kwa 4566 uliyoitumia (vitabu vingine huandika 4562), namba zote mbili zina 10,001 ndani yake, hivyo tafuta KKS ya 5895 na 4566 tu, kwa kugawanya na kufuata mabaki: 1329, 579, 171, 66, 39, 27, 12, 3, 0. Baki la mwisho kabla ya sifuri ni 3. KKS ya namba ndefu ni 3 × 10,001 = 30,003. KDS ni 5895 × 1522 × 10,001 = 89,730,872,190. Ukiifanya kwa namba ndefu zenyewe utaona hata mabaki yanajirudia: 58,955,895 − 45,664,566 = 13,291,329.

Daftari limepishana kwa 360,000

*Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mwisho wa mwezi fedha na daftari vilipishana kwa shilingi 360,000. Mwenzangu akaigawanya kwa 9 kwenye simu, akasema papo hapo: "Kuna tarakimu zimegeuzwa." Amejuaje, na nimwamini? — Kijenge, Arusha*

Amejua kitu cha kweli, ila amekisema kwa uhakika kuliko kinavyostahili, dada.

Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, kosa linalotokea ni tofauti ya tarakimu hizo, mara 9, mara thamani ya nafasi ndogo. Tuchukue namba yetu: anayeandika 58,595,895 badala ya 58,955,895 amegeuza 9 na 5 kwenye nafasi ya laki na makumi elfu. Tofauti ya 9 na 5 ni 4; 4 × 9 × 10,000 = 360,000. Umeona limekuja kosa lako lenyewe.

Kwa hiyo soma kosa kinyumenyume. 360,000 ÷ 9 = 40,000. Hiyo 4 inakwambia tarakimu zilizogeuzwa zinapishana kwa 4, na sifuri nne zinakwambia ni za makumi elfu na laki. Usisome daftari zima. Pitia safu hizo mbili tu ukitafuta 4 na 0, 5 na 1, 6 na 2, 7 na 3, 8 na 4, au 9 na 5, kwa mpangilio wowote.

Lakini kabla ya hapo angalia mambo matatu ambayo huchukua dakika chache na hutokea mara nyingi zaidi. Je, kuna malipo ya 360,000 yaliyoandikwa kwenye stakabadhi na hayakuingia daftarini? Je, kuna 180,000 iliyoandikwa upande usio wake, mapato badala ya matumizi? Kosa la namna hiyo huonekana mara mbili ya kiasi chenyewe. Na tatu, ambalo mwenzako amelisahau: je, kuna 400,000 iliyoandikwa 40,000? Sifuri moja ikidondoka, tofauti nayo ni 360,000, nayo inagawanyika kwa 9 vilevile.

Kugawanyika kwa 9 ni dalili tu. Hata kosa la kubahatisha lina nafasi moja kati ya tisa ya kugawanyika. Ila tofauti *isipogawanyika* kwa 9, basi kosa moja la kugeuza tarakimu lifute kabisa, utafute kwingine.

Excel na sifuri ya ajabu

*Nimezidisha 58,955,895 kwa yenyewe kwenye Excel. Jibu linaishia na 0. Tano mara tano si huishia na 5? — Tengeru, Arusha*

Huishia na 5. Jibu kamili ni 3,475,797,555,251,025, lina tarakimu 16, na Excel huonesha 15 tu zenye uzito. Ya 16 hugeuzwa sifuri bila kukutaarifu. Kulipata kwa mkono si kazi: 5895² = 34,751,025, na 10,001² = 100,020,001. Zidisha ya kwanza kwa 100,000,000, kisha kwa 20,000, kisha kwa 1, ujumlishe. Kipimo: namba yetu inagawanyika kwa 9, kwa hiyo mraba wake lazima ugawanyike pia. Tarakimu za jibu sahihi zinajumlishwa na kutoa 72. Za jibu lenye sifuri mwishoni hazitoi namba inayogawanyika kwa 9.

Kama inachambulika kwa mkono, benki wanajificha nyuma ya nini?

*Nasikia usalama wa malipo ya mtandaoni unategemea ugumu wa kuchambua namba kubwa. Hii yetu imechambuliwa ubaoni. — Sanawari, Arusha*

Hii ina tarakimu nane. Kipeuo chake cha pili ni 7678 na kitu, na namba tasa zilizo chini ya hapo hazifiki 1000 (ya 1000 ni 7919), kazi ambayo simu huimaliza kabla hujaondoa kidole. Namba za usalama hutengenezwa makusudi kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa mno, bila mpangilio wa kujirudia kama wetu. Moja ya majaribio, iitwayo RSA-250, ina tarakimu 250. Ilichambuliwa mwaka 2020 kwa kazi inayolingana na kiini kimoja cha kompyuta kuchapa kazi miaka 2700 hivi. Zinazotumika leo mara nyingi zina biti 2048 (tarakimu za 0 na 1 tu), yaani tarakimu 617 za kawaida. Namba yetu ina biti 26. Na kwa wapenda kompyuta, ukiiandika kwa msingi wa 16 (unaotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F) inakuwa 3839877, haina herufi hata moja.

Sekunde 58,955,895 ni muda gani?

*Mwalimu ametupa hili kama chemshabongo. Mimi nimepata siku 682 na saa 36, mwenzangu siku 682 na saa 8. — Mwanafunzi, Rau, Moshi*

Mwenzako yuko karibu. Umegawanya kwa 86,400 ukapata 682.36, ukaisoma .36 kama saa 36, na saa 36 zingekuwa siku nzima na nusu. Hiyo .36 ni sehemu ya siku. Achana na desimali, fuata mabaki: 682 × 86,400 = 58,924,800, zinabaki sekunde 31,095. Gawanya kwa 3600: saa 8, baki 2295. Gawanya kwa 60: dakika 38, baki sekunde 15.